Kanga za bibi: namna ya kuzishona upya pamoja bila kupoteza maneno yake

Sanduku la bibi yangu lilifunguliwa baada ya arobaini yake. Wanawake wa ukoo walikaa mkekani, kanga zikatolewa moja moja, kila mtu akapewa yake ya kumkumbukia. Zile nzima ziliisha upesi. Chini kabisa zikabaki kumi na moja ambazo hakuna aliyenyoosha mkono kuzipokea: zimechanika, zimefifia, moja imeliwa na panya, nyingine imekatwa kipande. Shangazi mmoja akasema zitafaa kupangusia vyombo. Nikaomba nizichukue mimi, kwa sababu maneno yaliyokuwa juu yake ndiyo ya kwanza niliyoyasoma maishani. Kabla sijaenda shule nilikuwa nikikaa nyuma ya bibi akipepeta mchele, nafuata herufi kwa kidole, naye ananisomea bila kugeuka. Alikuwa anajua kila siku mgongo wake unasema nini.

Tulianza na hizo kumi na moja, za majirani zikafuata. Leo hapa Ngamiani, Tanga, tumemaliza vitambaa vitatu vikubwa, kila kimoja kimeungwa kwa kanga sita, na mikono iliyoshona ni ya wanawake wa nyumba saba. Mkubwa wetu ana miaka 80 na kitu. Wengi wananiuliza tunafanyaje, basi naandika kama tunavyofanya, ili na wewe mwenye fuko la kanga kuukuu uvunguni ujue pa kuanzia.

Usianze na sindano. Kanga ikichanika hupotea vitu viwili, kitambaa na neno. Kitambaa utakishona hata baada ya miaka 20. Neno lina wenyewe, na wenyewe wanazeeka.

Kuchagua

Chukua zile tu ambazo hazivaliki tena. Kanga inayovalika iache ivaliwe. Usiitie mkasi kwa ajili ya kazi hii, hata kama rangi zake zingependeza. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili pamoja, mara nyingi utakuta kimoja kimekwisha na mwenzake bado mzima. Mzima mwachie mwenyewe.

Sita zinatosha, na hiyo sita tuliichagua kwa kusudi. Masimulizi ya pwani yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua leso zilizochapwa kwenye mtungo mmoja, kabla muuzaji hajazikata moja moja. Wakazikata tatu tatu, wakaunganisha safu mbili, ikapatikana nguo moja ya leso sita. Neno lenyewe leso limetoka kwa Wareno, na Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Kwa hiyo kabla kiwanda chochote hakijachapa kanga nzima nzima, kuna mtu aliyekaa na sindano akaunga. Nasi tunapanga vile vile, vitatu kwa viwili.

Zaidi ya kanga utahitaji kitambaa cha marekani cha kutandika chini ya kazi yote, na ziada ya shibiri moja kila upande. Marekani ni ile pamba isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyochacha, ambayo mafundi huitumia kwa bitana na mifuko. Iliitwa hivyo kwa sababu karne ya 19 ililetwa na majahazi ya wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem, Massachusetts. Napenda iwe ndiyo inayobeba kazi yetu, maana ilivaliwa na bibi zetu kabla ya kanga na haina neno lolote juu yake. Halafu sindano nyembamba, kastabini, mkasi mkali, chaki, pini, daftari. Uzi uwe wa pamba. Uzi wa nailoni una nguvu kuliko kanga ya miaka 40, na nguvu hiyo ndiyo itakayoikata kanga pembeni ya mshono wako baada ya kufua mara tatu.

Kusoma kanga

Tandaza kanga sakafuni mchana, mlango ukiwa wazi. Tazama sehemu zake zote tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, ndiyo yale maneno yake, lililoandikwa chini ya mji. Kagua palipochakaa. Pembe zikiwa zimelegea na kukunjamana, ilifungwa kifuani au kiunoni miaka mingi. Katikati pakiwa pamekonda kama karatasi, huenda ilikuwa mbeleko. Kuna moja tuliyoletewa ilikuwa na matundu madogo madogo upande mmoja tu, ya cheche. Mwenyewe aliivaa akikaanga mihogo ya kuuza.

Kisha soma ukingo. Kwenye kanga nyingi kuna maandishi madogo ya kiwanda au ya mfanyabiashara, na hayo hukusaidia kujua umri. Ukiona K.H.E. – Mali ya Abdulla, hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na kanga zake zimevaliwa kizazi baada ya kizazi. Ukiona Urafiki, ni kiwanda cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, basi kanga hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mama mmoja alituambia kanga yake alipewa siku ya harusi mwaka 1965, nasi tukaona alama ya Urafiki. Hatukumbishia. Tulimpa ashike kanga, tukamwuliza siku hiyo nani alikuwa amekaa kulia kwake. Akataja watu, akanyamaza, akasema: hapana, huyo alikuwa bado hajazaliwa, hii ni harusi ya mdogo wangu.

Ukikutana na jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hiyo ni kanga ya zamani kweli. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, majina yaliandikwa hivyo, kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Mtafute mzee aliyezoea kusoma Kiswahili cha herufi hizo, na usiiguse mpaka amesoma. Na ukiwa na kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, usihangaike kutafuta jina. Kisutu cha asili hakina.

Kuliuliza neno

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiharakishe. Sisi hutenga vikao viwili au vitatu vya kuuliza tu, Jumamosi baada ya alasiri, kabla uzi haujatoka kwenye mfuko.

Usimwulize mtu "hapa paliandikwa nini?" Utaambiwa "nimesahau, mwanangu," na mlango umefungwa. Mpe kanga mikononi. Mwache aikunje anavyojua yeye, aitupie begani, ainuse akitaka. Uliza: ulikuwa ukiivaa kwenda wapi? Nani alikuletea? Uliiacha kuivaa kwa nini? Neno huja likifuata mahali na watu. Nimeona mama akikumbuka jina zima kwa sababu tu alianza kuimba wimbo wa ngoma aliyoichezea akiwa na kanga ile.

Waulize mmoja mmoja kwanza, halafu ndipo wakae pamoja. Wakikaa pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa atasema neno na wengine wote watalikumbuka hilo hilo. Wakishakutana na kila mmoja ana lake, waache wabishane. Andika yote mawili, na nani kasema lipi. Tumewahi kuwa na dada wawili waliovaa doti moja, kila mmoja kipande chake, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake kwa nini mama yao aliinunua. Mmoja alisema ilikuwa ya kumpongeza, mwingine ilikuwa ya kumwonya. Daftarini kuna kurasa mbili zinazotazamana.

Andika neno kama lilivyochapwa. Majina ya kanga yana tahajia zake: maneno yameunganishwa, herufi imerukwa, *r* imekuwa *l*. Usisahihishe. Nilifundisha darasa la tatu kwa miaka mingi na mkono wangu hukimbilia kalamu nyekundu, lakini kanga si daftari la mwanafunzi. Kama ilichapwa hivyo, ndivyo mwenyewe alivyoivaa na ndivyo mtaa ulivyoisoma.

Nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililotufundisha utaratibu huu wote. Katika zile kanga za bibi ilikuwamo moja ya kijani ambayo panya walikuwa wamekula mwanzo wa jina. Ilibaki M peke yake, tundu, kisha UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Nani asiyeijua methali hiyo? Sikumwuliza mtu. Nilishona usiku ule ule: MTOTO. Herufi tano, zikakaa sawasawa katika nafasi iliyokuwapo, nami nikafurahi. T haikuwamo katika jina lile, kwa hiyo niliichora kwa kukisia, na hata hilo halikunishtua. Wiki ya pili alikuja mdogo wake bibi, akapitisha kidole juu ya herufi zangu, akasema taratibu: "Dada yangu hakuvaa mtoto. Alivaa *mwana*." Herufi tano vile vile, na M ile ile mwanzoni. Kisha akasema kanga hiyo bibi aliletewa na mama yake baada ya kuzaa kwa mara ya kwanza, na mama yake hakumwita kwa jina maisha yake yote ila Mwana. Nilikuwa nimeshona methali sahihi na kumfuta mama mtu.

Nilifumua. Matundu ya sindano ya MTOTO yako pale mpaka leo, ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga unayaona chini ya MWANA. Tangu siku hiyo kwetu hakuna neno linaloshonwa kabla watu wawili wanaoifahamu kanga hiyo hawajaulizwa, hata kama ni methali ambayo mtoto wa chekechea anaijua.

Lipo na suala la vijembe. Kanga nyingi zilinunuliwa ili zimfikie mtu fulani: mke mwenza, wifi, jirani wa ukuta mmoja. *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake* kwenye duka ni kanga tu, lakini ikipita mbele ya mlango wa mtu mmoja kila asubuhi kwa wiki mbili, mtaa mzima unajua. Waliorushiana maneno hayo wengine wako hai na wamepatana, au watoto wao wameoana. Kabla hujatundika kitambaa ukutani muulize mwenye kanga: nani asomewe hili, na nani asisomewe? Akisema lisionekane, usilikate wala usilifunike kwa kiraka. Likunje kwa ndani, ulishone ukingoni kwa mishono michache mirefu inayofumuka kwa urahisi. Neno lipo zima, limelala. Katika kitambaa chetu cha pili yako majina mawili ya namna hiyo, na ni waliokishona tu wanaojua yanasema nini.

Na kama hakuna anayekumbuka? Liache tundu wazi. Nitaeleza namna ya kulishona likae wazi bila kuendelea kuchanika. Watu watakushawishi ulijaze kwa neno zuri, kataa.

Kufua

Chovya kitambaa cheupe katika maji, kikamue, kikandamize juu ya kila rangi ya kanga kwa kuhesabu mpaka 60. Kikitoka na doa, kanga hiyo inachuja na ifuliwe peke yake. Nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopa. Wengi huloweka katika chumvi au siki ili rangi ishike; mimi nimejaribu vyote viwili na sikuona kilichozuia kuchuja. Maji baridi, sabuni ya kipande iliyokwanguliwa ikayeyushwa, mikono bila brashi. Usikamue kwa kusokota. Izungushe ndani ya taulo, ubonyeze, kisha ianike kivulini ikiwa imelala. Kanga iliyokonda ukiitundika na maji itachanwa na uzito wake yenyewe.

Marekani ifue kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kuikata. Ina wanga mwingi na inasinyaa. Usipofanya hivyo sasa, itasinyaa baadaye ikiwa imeshonwa, na kazi yote itakunjamana.

Kuziba tundu

Kila mwanamke siku ya kwanza anachagua rangi moja ya uzi, na hiyo ndiyo yake mpaka kazi iishe. Tunaandika mwanzoni mwa daftari: samawati ya fulani, zambarau ya fulani. Hatufichi mishono. Fundi wa kweli anaweza kutia kiraka usikione, na hiyo ni sifa kubwa kwa suruali ya kwenda kazini, lakini hapa tunataka mjukuu aweze kufuata uzi wa manjano na kusema huu ni mkono wa bibi yangu.

Kata kiraka kutoka kwenye kanga nyingine iliyokwisha au kwenye marekani, kipite ukingo wa tundu kwa wanda mbili, yaani upana wa vidole viwili, kila upande. Panga mtande na mshindio wa kiraka, yaani nyuzi za urefu na nyuzi za upana, ufuate wa kanga. Ukiwa huna hakika, vuta kidogo: ukivuta kwa kufuata nyuzi kitambaa hakinyumbuki, ukivuta mshazari kinanyumbuka. Kiraka kilichokaa mshazari kitavuta kanga upande mmoja na ndani ya mwaka utaona imepinda.

Weka kiraka chini ya tundu, shika kwa pini, kisha piga bandi, ile mishono ya sindano kupita juu na chini mfululizo, kubwa kubwa za muda pande zote. Uzi wako usizidi dhiraa moja, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mrefu kuliko hapo unachakaa kwa kupita pita kwenye kitambaa na kujisokota. Usifunge fundo. Acha mkia wa vidole vitatu nyuma, uurudishe ndani ya mishono ukimaliza, kwa sababu fundo gumu hupenya kanga iliyokonda.

Kama ukingo wa tundu bado una nguvu, ukunje kwa ndani kiasi cha punje ya mchele na uushone juu ya kiraka kwa mishono midogo midogo. Kama umelegea na unatoka nyuzi ukiugusa, usiukunje. Uache ulale ulivyo, upitishe safu za bandi ndogo juu yake, kutoka kitambaa kizima cha upande huu, kupita tundu, mpaka kitambaa kizima cha upande wa pili. Nafasi kati ya safu na safu iwe punje moja ya mchele. Safu zisiishie kwenye mstari mmoja: moja iende mbele kidogo, inayofuata ibaki nyuma. Zikiishia sawa, nguvu zote za kuvuta zinaangukia mstari huo na kanga itachanika hapo hapo, safari hii kwa mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa mkasi.

Penye nyuzi zilizokonda bila tundu, tililia tu: pitisha uzi juu na chini kwa kufuata mtande, kisha urudi kwa kufuata mshindio, kama anayesuka ukili. Legeza mkono. Uzi ukivutwa sana kitambaa kinajikusanya.

Tundu la neno lisilojulikana halipati kiraka. Zungusha ukingo wake mishono ya kukaza iliyobanana, sindano ikitoka kila mara ndani ya kitanzi cha uzi wake, kama tundu la kifungo. Marekani ya nyuma itaonekana ndani yake, nyeupe.

Kushona herufi

Herufi zilizopotea zitafute katika jina lile lile. Weka karatasi nyembamba juu ya A iliyobaki, ichore, ihamishie mahali pa A iliyokwenda. Kila mchapaji alikuwa na herufi zake. Ukichukua za kwingine jina litaonekana kama limeingiliwa na mgeni. Katika ile kanga ya kijani W haikuwamo. Mdogo wake bibi ndiye aliyesema tuchukue V ya AKUAVYO tuiweke mara mbili.

Fuata mstari wa herufi kwa mshono wa kurudi: sindano inatoka hatua moja mbele, inarudi nusu hatua nyuma, inatoka tena mbele. Shona umbo la nje tu, usijaze ndani. Tulijaribu kujaza mara moja, zikapendeza mno, na baada ya miezi michache hata sisi wenyewe tulikuwa tunajiuliza ipi ilichapwa na ipi imeshonwa. Mtu akisoma jina ajue wapi kanga inasema na wapi sisi tunaikumbukia.

Mwenye macho mazuri ashone herufi, mwenye macho yaliyochoka ashone safu za bandi, kwa sababu hizo mkono unazijua wenyewe. Watoto kazi yao ni kutunga uzi. Kabla hatujakaa, binti mmoja wa miaka tisa hutunga sindano 20 na kuzichomeka kwenye mto mdogo, kila rangi mahali pake. Ndiye pia anayesoma majina kwa sauti tukiwa tunashona, na akikosea kusoma husahihishwa na watu sita kwa mpigo. Amejifunza *mdhaniaye ndiye kumbe siye* kabla ya kuelewa maana yake, kama mimi nilivyojifunza.

Kuunga

Kata kila kipande dhiraa mbili kwa moja, yaani kama sentimita 90 kwa 45, jina likiwa katikati na kipande cha pindo kikiwa chini yake. Jina likizidi urefu huo usilikate. Acha kipande kiwe kirefu na upunguze cha jirani yake. Vyetu havijawahi kulingana. Mabaki yote yahifadhi kwa viraka vya baadaye.

Panga sakafuni, zunguka, soma. Majina yakikaa pamoja yanaanza kujibizana, na hilo litakuonyesha mpangilio kuliko rangi. Sisi tuliwahi kuweka *Japo sipati tamaa sikati* juu ya *Kawia ufike*, na mwenye kanga ya kwanza akacheka mpaka akalia, kwa sababu alizisubiri posa miaka saba.

Unga vitatu kwa mshono wa kurudi, nusu wanda kutoka ukingoni, kisha vitatu vingine, kisha safu mbili kwa pamoja. Fungua mishono nyuma kwa pasi ya moto wa wastani. Tandika marekani, weka kazi juu yake, upige bandi za muda kuanzia katikati kwenda nje, kila baada ya shibiri. Ukianzia pembeni, hewa na makunyanzi yote yatakutana katikati na hayatatoka. Ndipo mkae wote: wawili kila upande mrefu, mmoja mmoja kila kichwa. Zaidi ya sita viwiko vinagongana. Shoneni safu za bandi kupita vitambaa vyote viwili, mkizunguka herufi bila kuzikanyaga. Ile ziada ya marekani ikunjwe mbele mara mbili iwe ndio upindo.

Nyuma ya kila kipande shona utepe wa pamba wenye nambari ya ukurasa wa daftari. Daftari lieleze kanga ilikuwa ya nani, ilipatikana vipi, ilivaliwa wapi, neno limethibitishwa na nani, tundu limezibwa kwa uzi wa nani. Ukiwa na simu nzuri rekodi na sauti pia, lakini kwanza omba ruhusa, na nakala mpe mwenyewe.

Nani anakaa nacho

Juu shona mfereji wa kitambaa wa kupitisha ufito wa mwanzi, usipigilie misumari. Mbali na jua la dirisha. Kabla ya masika kukitoa nje, kukianika kivulini siku nzima, kwa sababu unyevu wa pwani huleta kuvu upesi. Kikiwa sandukuni, kunja majina yawe ndani, na kila ukikitoa badilisha mikunjo. Majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa katika kitambaa yanatosha kufukuza wadudu. Mfuko wa plastiki usiutumie kabisa.

Vyetu havina nyumba moja. Kila kimoja hukaa miezi mitatu kwa mmojawapo wa walioshona, pamoja na daftari lake, kisha huhamia kwa mwingine. Wageni wa nyumba hiyo hukisoma.

Katika kitambaa cha pili lipo tundu ambalo hatukulijaza. Jina limebaki NILIJUA, halafu weupe wa marekani, limezungushiwa uzi wa rangi tatu kwa sababu tulipokezana kulishona. Mwezi uliopita kilikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu, akaja mgeni kutoka Pangani kuhani msiba. Alisimama mbele yake muda, akasema pindo hili la korosho na rangi hii anavijua, dada yake mkubwa alikuwa na doti kama hii. Neno hasa halimjii, atamwuliza. Tumeandika tarehe na alichosema, na chini yake tumeacha mistari mitano mitupu.